Kisiwa cha Majivu Uani Kwetu

Juzi mkwe wangu alinikimbia. Nilikuwa natoka sokoni na beseni la unga kichwani, nikamwona anakuja na pikipiki yake ya kubeba watu, kijana mzuri, miwani ya jua, mteja amekaa nyuma. Aliponitambua aligeuza pale pale katikati ya barabara, akajitosa katika kichochoro ambacho Kamina nzima inajua hakipiti kitu ila mbuzi, na mteja wake akawa anapiga kelele kuuliza wanaelekea wapi. Nilicheka mpaka nikalazimika kushusha beseni chini. Binti yangu ameolewa naye huu mwezi wa tatu, na kwetu sisi Waluba mwanaume hamwangalii mama mkwe wake usoni. Hali naye, hapiti mlango anaoupita yeye, hakai naye chumba kimoja. Tunaita buko. Si chuki wala ugomvi, ni heshima iliyozidi kipimo, na inadumu mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapotaka kuifungua: watakula sahani moja mbele ya ndugu, wataangaliana, basi, yameisha.

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekauka. Nilikaa jikoni, moyo unanipiga kama ulivyokuwa ukinipiga nilipokuwa na miaka minane au tisa hivi, wakati Baba alipokuwa akipanga safari ya kwenda kwenye visiwa vya Ziwa Kisale, na mimi peke yangu katika nyumba nzima nilijua kwamba akienda atakufa.

Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni pale stesheni, kuvuta ule mkono mrefu wa chuma ili gari la kwenda Lubumbashi lisiingie njia ya Kananga. Hakuwa amekosea hata mara moja, naye alilijua hilo, ilionekana hata katika kutembea kwake. Hakuogopa wanajeshi wa kambi walipolewa, hakuogopa nyoka, hakuogopa wakubwa wake wa kazi. Kwa hiyo siku nilipomwona anaogopa, dunia yangu ilitikisika. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa, na Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka kisiwani kumhudumia binti yake. Baba akahamia kwa jirani. Kila asubuhi alikuja nyuma ya nyumba kuuliza hali, akawa anazungumza na ukuta. Asubuhi moja Nkambo alitoka chooni mapema kuliko Baba alivyokisia, naye Baba yuko katikati ya njia. Aliruka. Shati safi, kofia ya kazi, vyote vikaingia katika mihogo yetu, akalala kifudifudi mpaka hatua za Nkambo zikaisha. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu nacheza na udongo, nikaona mgongo wake unavyopanda na kushuka. Uso wa Nkambo siukumbuki hata kidogo, miaka imeufuta. Kwake nimebaki na harufu tu, ya moshi na samaki mkavu. Lakini mgongo wa Baba naukumbuka.

Mambo ya buko watoto hawaelezwi. Huyaona tu, mwaka hadi mwaka, mpaka yakawaingia. Aliyenieleza mimi, na alinieleza kwa uhakika wote, alikuwa Bea, rafiki yangu, binti wa mwanajeshi wa kambi. Watu wake walitoka mbali, huko mkoa wa Ekwateri, buko hawakuijua. Nilimsimulia habari ya mihogo.

"Muntu mwenye bantu banaogopa kumuangalia ku uso," Bea alisema, "njo muloji ule. Vrai, nakuambia. Unamuangalia, unakufa."

"Mbona Mama iko namuangalia kila siku?"

"Mama yako ni mutoto yake. Na weye ni damu yake. Papa yako njo mugeni."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, nikaamini: Nkambo ni mchawi. Jambo liliniingia vizuri, likakaa sawasawa na yote niliyoyaona. Kwa nini Mama hakutaja jina la mama yake mbele ya Baba? Kwa nini kapu la samaki likitoka kwa Nkambo, Baba alitoka nje mpaka lifunguliwe? Kila swali lilipata jibu lake, na jibu lilikuwa moja.

Nkambo akarudi kisiwani kwake, kisha habari ikaja kwamba ni mgonjwa. Mama akambeba mdogo wangu, akapanda treni. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Simu za mfukoni zilikuwa hazijafika kwetu. Habari ilitembea kwa midomo ya watu, na mdomo wetu sisi ulikuwa Mama Feza, mchuuzi wa samaki, aliyeshuka Kinkondja, kando ya ziwa, na chumvi na sabuni na kurudi na vifurushi vya samaki wakavu vilivyonukisha behewa zima. Alifika kwetu mchana mmoja, akakaa kwenye kinu kilicholala, akanywa maji vikombe viwili, ndipo akamwambia Baba.

"Muke yako anakutumia maneno. Mama yake hapati nafuu. Ni kifua. Lakini anakatala kufa na buko. Anasema: ule muntu amelisha mutoto yangu hii miaka yote, na minyi sijamuona uso. Akuye tukule pamoja, nimuone, kisha nilale."

Baba alikuwa amempa Mama Feza ubavu, kama vile hata maneno ya mama mkwe yana macho. Akavua kofia. "Nitaenda," alisema. Halafu akarudia, polepole zaidi, "Nitaenda kabisa."

Watu wazima walisikia heshima. Mimi nilisikia mchawi anayekufa akimwita Baba waende wote. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, pale mlangoni, nikaendelea kuchambua, nikitupa majani nje na vijiti ndani ya sufuria.

Basi mipango ikaanza, na mtu asiyewahi kuona mtu wa reli akipanga safari ya majini hajaona mahangaiko. Baba alichana kurasa za nyuma za daftari langu la shule, akamkalisha Mama Feza, akaandika. Treni mpaka Luena, kutoka Luena mpaka Bukama: hapo kalamu ilikwenda vizuri, vituo vyote alivijua kwa moyo. Kutoka Bukama, mashua ya mizigo kushuka mto, siku mbili, labda nne, mnalala juu ya magunia. Hapo kalamu ikaanza kupunguza mwendo. Kutoka Kinkondja, mtumbwi, unaingia katika vijia vya maji ndani ya mafunjo marefu kupita mtu aliyesimama, na upepo ukigeuka kijia kinaziba nyuma yako. Na visiwa vyenyewe si ardhi. Ni mafunjo yaliyoshikamana, yanaelea, watu wamejenga juu yake, na siku nyingine kisiwa kinahama na watu wake wamelala.

"Inatembea?" Baba aliuliza.

"Iko natembea. Leo iko hapa, kesho iko kule."

"Sasa muntu anajua njia namna gani?"

"Unauliza."

"Ninauliza nani?"

"Bale utakuta." Mama Feza alicheka. "Kule hakuna reli, papa."

Baba aliandika "kuuliza", akapiga mstari chini yake mara mbili. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na yeye kuogelea hakujua. Akatafuta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaujaza upepo, akauvaa kiunoni uani na uso wa mtu anayepimwa suti. Akashona turubai, kisha akatukalisha chini yake mimi na Bea na kutumwagia ndoo mbili za maji aone kama linavuja. Lilivuja, akashona tena. Akaambiwa habari za viboko, akaweka sufuria kuukuu ya kugonga. Akaambiwa habari za mbu, akanunua chandarua. Mbuzi ambaye Baba alitaka kumpelekea Nkambo alifutwa kwenye orodha baada ya Mama Feza kuuliza kama anataka kufika na mbuzi ama anataka kufika; mahali pake wakaandikwa kuku wawili. Chumvi, sabuni, kitenge cheupe. Kila kitu kilipoongezwa kwenye rundo pale sebuleni, mimi niliona siku ya msiba inasogea. Nilikonda. Baba alisema ni kumkumbuka Mama, akanipa kipande kikubwa cha samaki kwenye bukari yangu, ugali wa kwetu, nikashindwa kumeza.

Lakini viboko na mbu hawakumsumbua Baba kama jambo moja. Kisiwa cha Nkambo kilikuwa na urefu wa hatua ishirini na tano na vibanda vitatu. Mpaka saa ya kufungua buko, asionane naye kabisa. Sasa mwanaume atajificha wapi na mama mkwe juu ya hatua ishirini na tano? Kule hakuna mihogo ya kuruka.

Ndipo akakichora kisiwa uani. Alichukua majivu ya jikoni, akayamwaga kwa mkono akizunguka, Mama Feza akimwelekeza, "kidogo huku, hapa kuko moshi ya samaki, hapa njo bwato inafikia." Ubao wa kufulia ukawa mtumbwi. Mkeka uliosimamishwa kwa vijiti ukawa pazia. Kinu kikasimamishwa mwisho wa kisiwa, kikawa Nkambo. Mimi nilikuwa mdomo wa Baba, maana maneno ya buko hupita kwa mtu wa katikati, na mtoto hufaa. Nilitakiwa nishuke ubaoni na kuku, nitembee mpaka kwenye kinu, nipige magoti, nipige makofi polepole, niseme, "Wafwako, Nkambo. Papa amefika. Iko ku bwato." Kinu kikikubali, nirudi nimwite. Baba angekuja kinyumenyume, mgongo mbele, mpaka nyuma ya mkeka. Chakula kiwekwe. Mkeka uangushwe.

Tulifanya mara ya kwanza, mara ya pili. Majirani walikuja kutazama, wakafurahi sana kumwona mtu mzima akikiendea kinu kinyumenyume kwa adabu. Mara ya tatu Baba akasema tuifanye mpaka mwisho. Mama Feza akaangusha mkeka. Baba akashusha pumzi, akaanza kugeuka, polepole, bega, shingo, shavu.

"Papa, hapana!"

Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuujua ni wangu. Baba alirukia upande wangu akitafuta nyoka. Watu wote walikuwa wananitazama. Ningesema nini? Kwamba mama yake Mama ni mchawi? Neno kama hilo ndani ya nyumba ya watu wa misa ya kila Jumapili lingenichuna ngozi.

"Siafu," nilisema. "Imeniuma."

Wakacheka, na Baba naye akacheka. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa anacheka, kwa sababu nilimpenda Baba, na hakuna aliyekuwa ananisaidia kumzuia.

Likizo yake ilitoka siku ya Jumatano. Ilipotoka, treni ya kwenda Bukama ilikuwa tayari inapangwa, na Mama Feza yumo na magunia yake. Baba hangeweza kuipanda hiyo, likizo ilianza Jumatatu, na hangeweza kuacha zamu kwenda kuzungumza naye dirishani. Alinishika mabega pale kwenye mkono wake wa chuma, akanipa maneno, akanifanya niyarudie mara tatu: "Mama Feza, Papa amepata konje. Tunakuya na treni inayofuata. Nkambo atungojee. Bwato itukute ku Kinkondja." Hayo ndiyo yalikuwa mpango wote. Bila hayo hakuna mtumbwi utakaokuja, wala mtu kisiwani atakayejua.

Nilikimbia juu ya mawe ya reli mpaka nikaona kilemba chake dirishani.

"Papa anasema nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa mdomoni yote manne, yamepangwa. Nikamwona Baba anageuka, bega, shingo, shavu.

"Papa anasema hatakuya," nilisema. "Kazi imekatala."

Mama Feza alitoa kichwa nje ya dirisha. "Hatakuya? Ata kidogo?"

"Hatakuya."

"Ule mama iko naye anamungojea, mwanangu."

Treni ikavuta. Nilirudi nikitembea, na Baba kwa mbali aliinua mkono kuuliza, nami nikainua wangu kujibu. "Umemuambia?" "Nimemuambia." Akapiga mluzi zamu nzima. Nilijisikia mwepesi, kweli nilijisikia hivyo, nimeokoa baba yangu. Wepesi huo haukufika hata Alhamisi.

Jumatatu ilifika, treni haikufika. Baba alikaa juu ya mizigo stesheni na kuku wake, akarudi nayo nyumbani jioni. Kesho yake vile vile. Mimi nilikuwa naingia kanisani baada ya shule kumwomba Mungu treni isije, na haikuja, nikaona basi Mungu yuko upande wangu. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Kuku mmoja akataga ndani ya kapu. Baba alianza kuhesabu siku za likizo zilizobaki, akafupisha mpango, akaufupisha tena, na usoni akawa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama mtu aliyeitwa na mkubwa na mlango umefungwa. "Banangojea kule," alikuwa akisema. "Nimetuma maneno, banangojea." Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili niliufunga.

Treni iliyokuja mwishowe ilitoka upande wa pili, upande wa Bukama. Ilileta samaki, na Mama Feza, na Mama. Baba alikuwa uani anakaza kamba ya turubai walipoingia. Mama alikuwa amenyoa kichwa. Mdogo wangu amelala mgongoni. Hakumsalimia Baba.

"Ulisema hautakuya," alisema.

"Minyi?"

"Mama Feza alileta maneno yako. Kazi imekatala. Kila siku Mama alikuwa anauliza kama bwato imeonekana. Alikuwa anasema munipake mafuta, muko yangu anaweza kufika. Kisha ile maneno, akaacha kuuliza. Akaacha na kukula. Siku ya ine akaenda. Tulimupeleka na bwato mpaka ku inchi kavu, sababu kule hakuna udongo ya kumuzika."

"Minyi nilisema ninakuya!" Sauti ya Baba ilipasuka. "Angalia bintu! Angalia kuku! Nilimutuma mutoto mwenyewe aseme..."

Wote watatu wakageuka.

"Ni minyi," nilisema. "Ni minyi nilisema hautakuya."

Alinifikia kwa hatua tatu. Alinishika kidevu, akakiinua, kwa nguvu, mpaka nikasimama juu ya vidole.

"Juu ya nini?"

"Juu ungemuangalia uso yake ungekufa!" Nililia sasa, kamasi na machozi pamoja. "Nilikuona mu mihogo! Nilikuona ulilala mu mihogo! Muntu anamuangalia Nkambo anakufa!"

Mama Feza alijifunika mdomo kwa kitenge. Mama alikaa chini juu ya gunia la chumvi, akatoa kitu kilichoanza kama kicheko na kuishia mahali pengine. Alikaa hivyo, akinitazama mimi, si Baba. Alipozungumza ilikuwa kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka na safari.

"Uso yake? Uso ya Mama ilikuwa njo hii unashika." Baba hakuelewa. "Hii paji. Hii macho. Ata hii kidevu. Banasema Mama alimutapika, ni yeye mutupu. Kisiwa muzima kinajua, Mama Feza anajua. Nilikatala kukuambia, hii miaka yote. Nilijua ungeshindwa kumubeba mutoto, ungeshindwa kumukemea. Unamuangalia tangu siku amezaliwa, na haukufa."

Nilikuwa nimefumba macho nangoja kofi. Nililistahili, na nililitaka, lingekuwa rahisi zaidi. Vidole vya Baba vilikuwa bado kidevuni pangu. Nikavisikia vinalegea, kimoja kimoja, mpaka vikaniachia. Nikafumbua macho.

Alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Alivua kofia. Akainama, magoti yamekunjika, macho ameyashusha chini kwenye miguu yangu isiyo na viatu, na viganja vyake vikapiga makofi polepole, yale makofi ya kumsalimia mkubwa.

"Mama," baba yangu aliniambia, "usitukasirikie. Ni treni njo ilikawia."